Namba ya Lenzi: Mwongozo kwa Anayejiandaa na Upasuaji wa Mtoto wa Jicho

Anayekwenda kupasuliwa mtoto wa jicho huwa na maswali mawili: je, itauma, na je, nitaona? La kwanza hujibika upesi. Jicho hutiwa ganzi, na kwa wagonjwa wengi kazi huisha ndani ya nusu saa. La pili linahitaji maelezo marefu zaidi. Daktari akishaondoa lenzi iliyoingia ukungu huweka lenzi bandia mahali pake, na lenzi hiyo ina namba, kama ilivyo miwani. Namba ikilingana na jicho, mgonjwa ataona mbali vizuri bila miwani. Ikikosea, ukungu utakuwa umeondoka, lakini vitu vitaendelea kufifia mpaka apate miwani ya kurekebisha.

Namba hiyo hupatikana siku au saa chache kabla ya upasuaji, katika chumba cha vipimo. Hapo ndipo usahihi wa matokeo yako unapojengwa au kubomoka, na hapo ndipo mgonjwa na jamaa zake wana nafasi kubwa ya kusaidia. Mwongozo huu unakueleza namba hiyo hutoka wapi, nini huiharibu, na namna ya kukadiria mapema jicho lako litaona vipi.

Kwa nini namba ni makadirio

Lenzi bandia ya kwanza iliwekwa na daktari wa macho Harold Ridley katika hospitali ya St Thomas', London, Novemba 1949. Ridley alikuwa ameona kwamba vipande vya plastiki ya madirisha ya ndege za kivita vilivyoingia machoni mwa marubani havikuleta uvimbe mkubwa, akatengeneza lenzi kwa plastiki ya aina hiyo. Upasuaji ulifanikiwa, lakini mgonjwa alibaki na tatizo la kutoona mbali la takribani dayopta 20 (dayopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi). Ridley alifuata umbo la lenzi ya asili, ilhali plastiki hupinda mwanga kwa nguvu zaidi kuliko lenzi ya mwanadamu. Tangu siku hiyo, kuchagua namba ya lenzi kumekuwa taaluma inayojitegemea.

Ili kuipata namba, mambo matatu lazima yajulikane. La kwanza ni urefu wa jicho, kutoka mbele hadi kwenye retina, yaani utando wa nyuma unaopokea mwanga. Jicho la kawaida la mtu mzima lina takribani milimita 23.5. La pili ni mkunjo wa konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, ambao kwa kawaida ni dayopta 43 au 44. La tatu ni mahali lenzi mpya itakapotulia ndani ya jicho baada ya kidonda kupona. Mawili ya kwanza hupimwa. La tatu haliwezi kupimwa, kwa sababu lenzi bado iko ndani ya kisanduku chake. Linatabiriwa kwa fomula.

Mwaka 1980 ilitoka fomula ya SRK, iliyopewa herufi za kwanza za majina ya waasisi wake Sanders, Retzlaff na Kraff. Siku hizi haitumiki tena katika umbo lake la awali, lakini inaonyesha wazi jinsi hesabu inavyokwenda:

Nguvu ya lenzi = A − (2.5 × urefu wa jicho) − (0.9 × mkunjo wa konea)

A ni namba maalumu ya kila aina ya lenzi, mara nyingi karibu na 118. Tuchukue jicho lenye urefu wa milimita 23.5, mkunjo wa dayopta 44, na lenzi yenye A ya 118.4. Tunapata 118.4 − 58.75 − 39.6, yaani takribani dayopta 20. Sasa tuseme mpimaji amekosea kidogo, akaandika 23.2 badala ya 23.5. Hesabu inatoa 20.8. Tofauti ya sehemu tatu za kumi za milimita moja, ndogo kuliko unene wa kadi ya benki, imeongeza robo tatu ya dayopta. Lenzi itakuwa na nguvu kupita kiasi, na mgonjwa hataona mbali sawasawa.

Fomula za sasa, kama za Barrett na Kane, hushughulikia macho mafupi na marefu vizuri zaidi. Lakini hakuna fomula inayoweza kusahihisha kipimo kibaya kilichoingizwa ndani yake. Mwaka 2008 mtafiti Sverker Norrby alichambua makosa ya namba za lenzi yanatoka wapi. Takribani asilimia 35 yalitokana na kukisia mahali lenzi itakapokaa, asilimia 27 na namna macho yanavyopimwa miwani baada ya upasuaji, na asilimia 17 na kipimo cha urefu wa jicho. Pale inapotumika ultrasaundi (kipimo cha mawimbi ya sauti) inayogusa jicho, kosa la urefu huwa kubwa zaidi.

Kabla hujaenda kupimwa

Jiandae kwa mambo haya:

1. Kama unavaa lenzi za kubandika machoni, acha kuzivaa mapema. Zile laini zinahitaji angalau wiki moja hadi mbili, na zile ngumu wiki kadhaa, kwa sababu hubadili mkunjo wa konea kwa muda.

2. Tafuta miwani yako ya zamani, ile uliyovaa kabla ukungu haujaanza, au karatasi ya vipimo vyake. Miwani ya mwaka jana inaweza kupotosha, maana mtoto wa jicho mwenyewe huweza kumfanya mtu aanze kuhitaji miwani ya kuonea mbali. Miwani ya ujanani ndiyo inayoonyesha umbile la jicho. Aliyevaa miwani mizito ya kuonea mbali tangu shuleni ana jicho refu. Mashine ikisema jicho lake ni fupi, kipimo kirudiwe.

3. Taja kila upasuaji uliowahi kufanyiwa machoni. Leza ya kuondoa miwani hubadili konea kwa namna inayozidanganya fomula za kawaida. Mafuta ya silikoni yaliyowekwa baada ya upasuaji wa retina hupunguza mwendo wa sauti ya ultrasaundi, na jicho likaonekana refu kuliko lilivyo.

4. Kama una kinyama kinachoota kutoka kwenye weupe wa jicho kuelekea kwenye konea, jambo la kawaida kwa wanaofanya kazi juani na kwenye vumbi, uliza kama kitolewe kwanza. Kinavuta konea na kuharibu kipimo cha mkunjo. Kikitolewa, konea hupewa muda itulie ndipo lenzi ipimwe.

5. Macho makavu au yenye tongotongo yatibiwe kabla ya kupimwa. Uso wa konea usiolowa vizuri hutoa namba zinazobadilika kila dakika.

Ndani ya chumba cha vipimo

Urefu wa jicho hupimwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni mashine ya mwanga, ambayo haigusi jicho. Mashine za namna hii zilianza kuuzwa mwaka 1999 na leo zipo katika hospitali nyingi kubwa. Zina usahihi wa hali ya juu, lakini mwanga hauwezi kupenya ukungu mzito sana. Katika nchi zetu, ambako wazee wengi hufika hospitali wakati mboni imeshakuwa nyeupe kabisa, mashine hiyo mara nyingine hushindwa.

Hapo hutumika njia ya pili, ultrasaundi. Nayo ina namna mbili. Katika moja, ncha ya kifaa hugusa konea moja kwa moja. Mkono ukikandamiza kidogo tu, jicho hufinyika na kuonekana fupi, na kosa linakuwa lile tulilolikokotoa hapo juu. Katika nyingine, kikombe kidogo chenye maji huwekwa juu ya jicho na ncha haigusi konea. Njia hii ni salama zaidi kwa usahihi. Kama hospitali yako ina ultrasaundi peke yake, uliza kwa adabu kama wana kikombe cha maji. Kuuliza si ujinga, na muuguzi wa macho anayeijua kazi yake atafurahi kuona mgonjwa anafuatilia.

Mpangilio wa vipimo nao una uzito wake. Mkunjo wa konea upimwe kwanza, kabla jicho halijaguswa na kifaa cha ultrasaundi au cha kupima presha ya macho. Konea iliyoguswa huchubuka kidogo na kutoa namba zisizoaminika.

Wajibu wako ni kukaa wima, kuegemeza kidevu na paji la uso pale unapoelekezwa, kutazama taa moja kwa moja na kutokaza kope. Ukichoka, sema, upumzike. Kipimo kizuri hurudiwa mara kadhaa na majibu yake hukaribiana.

Macho yote mawili yapimwe, hata kama linalopasuliwa ni moja, kwa kuwa kwa watu wengi macho hufanana na jicho la pili hutumika kuthibitisha la kwanza. Kuna ishara ambazo wataalamu wengi huzihesabu kuwa sababu ya kurudia kipimo:

- urefu wa macho mawili unatofautiana kwa zaidi ya milimita 0.3;
- jicho ni fupi kuliko milimita 22 au refu kuliko 25;
- mkunjo uko chini ya dayopta 40 au juu ya 47;
- mkunjo wa macho mawili unatofautiana kwa zaidi ya dayopta 1.

Ishara hizi hazimaanishi kwamba jicho ni bovu. Jicho linaweza kuwa na umbile la pekee, na kipimo cha pili kinathibitisha hivyo. Omba nakala ya karatasi ya vipimo uione mwenyewe, au uipige picha kwa simu kwa ajili ya mgonjwa uliyemsindikiza.

Amua unataka kuona wapi

Lenzi inayowekwa kwa wagonjwa wengi huona vizuri kwa umbali mmoja tu, na haiwezi kubadilika kama lenzi ya ujanani. Kwa hiyo daktari huchagua shabaha, yaani namba ya miwani anayokusudia ubaki nayo. Wengi hulenga sifuri au kutoa robo hadi nusu dayopta, ili mgonjwa aone mbali. Wanaogopa kuangukia upande wa kujumlisha, kwa sababu huko mtu haoni sawasawa mbali wala karibu bila miwani.

Hesabu rahisi itakusaidia kuielewa shabaha. Gawanya sentimita 100 kwa namba ya kutoa, utapata umbali ambao jicho litaona bila miwani. Shabaha ya kutoa 1 huona vizuri kwenye sentimita 100. Kutoa 2 huona kwenye sentimita 50. Kutoa 2.5 huona kwenye sentimita 40, umbali wa kusomea kitabu.

Dereva, mfugaji au mvuvi atataka shabaha ya mbali, na atavaa miwani ya kusomea. Mshonaji, au mzee ambaye siku yake nzima ni kusoma msahafu au Biblia na ambaye amezoea tangu zamani kusoma bila miwani, anaweza kupenda shabaha ya karibu, kisha avae miwani ya mbali anapotoka. Mweleze daktari kazi yako na mazoea yako kabla hajaandika namba. Usipoeleza, yamkini utapewa shabaha ya mbali, nawe utalaumu upasuaji kwa kosa lisilokuwepo.

Kadiria usahihi wa jicho lako

Hata mahali penye vifaa vyote, utabiri hautimii kwa kila mtu. Mwaka 2009 watafiti wa Uingereza walipendekeza kigezo kwa hospitali za umma nchini humo: angalau wagonjwa 85 kati ya 100 wawe ndani ya dayopta 1 ya shabaha, na 55 kati ya 100 ndani ya nusu dayopta. Takwimu za sajili ya Ulaya zilizochapishwa mwaka 2018 zilionyesha takribani asilimia 93 ndani ya dayopta 1 na 73 ndani ya nusu dayopta. Maana yake, hata Ulaya mgonjwa mmoja kati ya wanne huikosa shabaha kwa zaidi ya nusu dayopta. Isitoshe, lenzi nyingi hutengenezwa kwa hatua za nusu dayopta, kwa hiyo namba kamili ya jicho lako huenda haipo kabatini.

Matarajio yako yategemee kundi ulilomo.

Jicho la urefu wa kawaida, konea safi, lililopimwa kwa mashine ya mwanga, lina nafasi kubwa kabisa ya kufika karibu na shabaha.

Jicho fupi sana huhitaji lenzi yenye nguvu kubwa, na lenzi hiyo ikisogea kidogo tu namba hubadilika sana. Jicho refu sana nalo mara nyingine huwa limetuna kwa nyuma, na ultrasaundi ikapima mahali pasipo sahihi. Kwa makundi haya mawili, miwani baada ya upasuaji ni jambo la kutarajiwa.

Konea yenye kovu, kwa mfano kwa wazee waliougua trakoma katika maeneo makavu kama Kongwa mkoani Dodoma, hutoa kipimo cha mkunjo kisichotulia. Hapo mpimaji huenda akatumia mkunjo wa jicho la pili, kama ni zima.

Mtoto mdogo ni habari nyingine. Jicho lake bado linakua, kwa hiyo daktari humwachia makusudi namba ya kujumlisha ili akikua isizidi upande wa pili. Mzazi asishangae mtoto anapopewa miwani mara tu baada ya upasuaji. Miwani hiyo ni sehemu ya tiba.

Njia ya upasuaji pia ina mchango. Upasuaji wa tundu dogo usiotumia mashine ya kusaga lenzi hutumika sana Afrika Mashariki kwa kuwa ni wa haraka, wa gharama nafuu, na unafaa kwa ukungu mgumu. Lakini mlango wake ni mpana zaidi, na huweza kuivuta konea ikazaa astigmatizimu, ambapo jicho huona mistari ya upande mmoja vizuri kuliko ya upande mwingine. Miwani huirekebisha. Na kifuko kinachoshika lenzi kikichanika wakati wa kazi, lenzi huwekwa mbele zaidi, na daktari hupunguza nguvu yake kwa takribani nusu hadi dayopta 1.

Kwenye kambi za macho, uliza kama kila mtu anapimwa urefu wa jicho. Lenzi ya namba moja kwa watu wote itawafaa wachache na kuwakosa wengi. Hata hivyo, mtu asiyeona kabisa macho yote mawili asiikatae nafasi ya kambi kwa sababu hii peke yake. Namba iliyokosewa hurekebishwa kwa miwani. Miaka gizani hairudi.

Kumbuka pia kutofautisha mambo mawili: usahihi wa namba na uzima wa jicho. Namba inaweza kulenga shabaha barabara, lakini kama kisukari kimeharibu retina au presha ya macho imeharibu mshipa wa fahamu, mgonjwa hatasoma mstari wa chini wa chati. Muulize daktari mapema: "Retina na mshipa wa fahamu vikoje?"

Siku ya upasuaji

Kabla ya kuingia chumba cha upasuaji, taja jina lako kamili na jicho linalopasuliwa, na uhakikishe yanafanana na yaliyo kwenye faili. Baada ya upasuaji, omba kibandiko cha lenzi au kadi yake. Huonyesha aina ya lenzi na nguvu yake. Ihifadhi pamoja na vyeti vyako vya muhimu. Itahitajika jicho la pili litakapopasuliwa, au siku matokeo yatakapohitaji kuchunguzwa.

Baada ya upasuaji

Siku za mwanzo kuona hubadilika, kwa hiyo usikimbilie kununua miwani. Kwa wengi, wiki ya nne hadi ya sita ndiyo wakati wa kupimwa namba ya mwisho. Tundu likiwa pana au limeshonwa, subiri zaidi kama utakavyoelekezwa.

Ukiona bado kuna ukungu, fanya jaribio hili. Toboa kitundu kidogo kwa ncha ya sindano katikati ya karatasi ngumu, ziba jicho jingine, kisha tazama kwa kupitia kitundu maandishi yaliyo mbali. Yakionekana safi zaidi, kuna uwezekano mkubwa kwamba tatizo ni namba, na miwani itasaidia. Yasipobadilika, tatizo linaweza kuwa retina, konea, au ukungu wa nyuma ya lenzi ambao hutokea baada ya miezi au miaka na huondolewa kwa leza. Jaribio hili halichukui nafasi ya daktari. Maumivu makali, wekundu unaoongezeka, au kuona kunakoshuka ghafla si suala la namba hata kidogo: rudi hospitali siku hiyohiyo.

Namba ikiwa imekosewa kidogo, miwani inatosha. Ikiwa imekosewa sana, ipo njia ya kubadilisha lenzi, na ni rahisi zaidi katika wiki za mwanzo, au kuongeza lenzi ya pili. Usikae kimya nyumbani ukidhani ndiyo hali ya uzee.

Kwa jicho la pili, matokeo ya la kwanza ni mwongozo mkubwa. Jicho la kwanza likikosa shabaha na macho yako yanafanana kwa vipimo, madaktari wengi hurekebisha namba ya pili kwa takribani nusu ya kosa lile. Wakifanya hivyo bila kujua kosa lilikuwa kiasi gani, watakuwa wanabahatisha. Ndiyo maana jicho la kwanza linapaswa kupimwa miwani kabla ya kupanga la pili.

Kipimo hicho cha mwisho kina faida inayokupita wewe. Ile herufi A katika fomula hurekebishwa na kila hospitali kwa kulinganisha namba zilizotabiriwa na namba ambazo wagonjwa walibaki nazo. Mgonjwa anayeona vizuri na asiyerudi huacha pengo katika hesabu hiyo sawa na yule aliyekata tamaa. Mwaka 2021 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliridhia lengo la kuongeza kwa pointi 30 za asilimia, kufikia 2030, uwiano wa wanaohitaji upasuaji wa mtoto wa jicho ambao wameupata na kuona vizuri baada yake. Kufanya upasuaji mwingi hakutoshi kufikia lengo hilo. Lazima ijulikane kila aliyepasuliwa anaona kiasi gani. Kwa hiyo shika tarehe yako ya marudio hata kama unaona vizuri, nenda na kadi ya lenzi, na uombe namba yako iandikwe kwenye faili. Itamsaidia daktari kuchagua vizuri zaidi lenzi ya jicho lako la pili, na ya mgonjwa atakayepimwa baada yako.